Utenzi wa Mwana Kupona na Mama Zetu

Kimya ni cha namna nyingi. Kuna kimya cha watu waliogombana, nacho huisha siku ile wapatanishi waingiapo. Kuna kimya cha watu wasiojuana, nacho huisha kwa salamu. Lakini kuna kimya cha mama na mwana wapendanao, wakaao nyumba moja, walao sinia moja, kisha wasiwe na la kuambiana ila "umekula?" na "umeamkaje?" Kimya hiki hakina mpatanishi, kwa sababu hapana aliyegombana. Nataka kusema habari zake kwa njia ya kitabu, maana kazi yangu ni kusomesha. Na kitabu nilichokichagua ni kimoja ambacho wanafunzi wengi hukifungua kwa uvivu, wakidhani wamekwisha kuyajua yaliyomo. Nacho ni Utenzi wa Mwana Kupona.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mwanamke wa Pate, katika visiwa vya Lamu. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, mji uliosimama kupigana na nguvu za Sayyid Said wa Omani na Unguja. Mwaka 1858, ambao ni mwaka 1275 wa Hijria, Mwana Kupona akiwa mjane na mgonjwa alitunga utenzi wa beti 102 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani nane. Mitatu ya kwanza hulingana vina, na kina cha mshororo wa nne hakibadiliki tangu mwanzo hata mwisho. Hesabu ya beti na tarehe amezitia mwenyewe ndani ya utenzi, kama mtu atiaye muhuri katika hati ili asije mwingine akapunguza au akazidisha. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo.

Utenzi huu ulienea kwa vinywa vya wanawake na kwa miandiko ya herufi za Kiarabu. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliutoa Uingereza katika kitabu, pamoja na tafsiri, wakakitia jina la Kiingereza lenye maana ya "shauri la Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke." Sisemi kuwa walifanya vibaya, bila ya kazi ya watu kama hao huenda wengi wetu tusingaliuona utenzi huu. Nasema tu kwamba jina la kitabu ni kama kibao kitundikwacho mlangoni. Mpita njia husoma kibao, akaenda zake, akasema nyumba ile naijua.

Kibao hicho kimetundikwa madarasani mwetu kwa muda mrefu. Mwalimu husema, "Tajeni wajibu wa mke kama ulivyoelezwa na mtunzi." Wanafunzi huandika: amtii mumewe, ampokee kwa bashasha, asimwamshe kwa kelele alalapo, ajipambe, aifagie nyumba. Wavulana hucheka na kuafiki. Wasichana hununa, na wachache walio hodari husimama wakasema kwamba mambo haya ni ya zamani na kwamba Mwana Kupona amewauza watoto wa kike. Mabishano huwa makali, kengele hulia, na kila upande hutoka darasani ukijiona umeshinda. Kumbe pande zote mbili zimesoma kibao, na hapana aliyeingia ndani.

Nami nilisomesha hivyo kwa miaka. Sikuonywa na mkaguzi wala na kitabu cha uhakiki. Nilionywa na mama yangu, nyumbani kwangu Ganjoni, na sina budi kueleza jinsi ilivyokuwa.

Mama yangu alizaliwa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, si mbali na Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Alipelekwa chuoni akasoma Kurani; skuli hakupelekwa. Akiwa na miaka kumi na mitano aliolewa. Mume wa kwanza alimwacha, wa pili ndiye baba yangu. Maisha yake yote yalikuwa katika vichochoro vile ambavyo mtu aweza kusema na jirani, dirisha kwa dirisha, bila ya kupaza sauti. Alijua nani amejifungua, nani anaposwa, nani hana kitoweo. Mimi nilikwenda skuli, kisha chuo cha ualimu. Nina mshahara, nina ufunguo wa nyumba yangu, na mchumba niliyeletewa na jamaa nilimkataa. Ukituweka pamoja mimi na mama, hutadhani kuwa yeye ndiye aliyenizaa.

Baba alipofariki, na magoti ya mama yalipokuwa hayaziwezi tena ngazi za nyumba ya zamani, nilimchukua akae nami Ganjoni, katika nyumba ya chini ya ghorofa niliyoipanga kwa ajili yake. Kutoka Kibokoni hata Ganjoni ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kwa mama ilikuwa safari ya kwenda nchi nyingine. Majirani wetu ni watu wema, lakini hufunga milango. Usiku husikia honi ya feri ya Likoni, na mchana husikia magari. Ganjo, kwa Kiswahili, ni mahame, mahali palipokuwa na watu wakaondoka. Na mama alikuwa na namna yake ya kulitamka jina la mtaa wetu iliyonifanya nisimwulize kama amepapenda.

Nikirudi kazini na madaftari ya wanafunzi, yeye huniuliza, "Umekula, mama?" Ndivyo aniitavyo, kwa desturi ya pwani ambayo mzazi humwita binti yake "mama." Nami hujibu kuwa nimekula. Kisha mazungumzo yamekwisha. Nilijaribu kumweleza habari za kazi yangu, nikaona macho yake yanachoka. Naye alijaribu kunieleza habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa, nikaona mkono wangu unachukua kalamu nyekundu. Hapana aliyekosa adabu. Tulikuwa kama watu wawili waliosimama katika ng'ambo mbili za kivuko, kila mmoja akimpungia mwenzake mkono, na chombo hakuna.

Siku moja alikuja mgeni, mwalimu mwenzangu. Alimwona mama ameketi dirishani, akauliza kwa wema kama angependa kuletewa magazeti. Nikamjibu, "Mama hakusoma." Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu asemaye kuwa mvua haikunyesha. Mama alikuwa amekwisha kuinuka kwenda jikoni, lakini mlango wa jiko letu ni pazia. Usiku ule hakuniuliza kama nimekula.

Hapo ndipo utenzi ulipoingia. Siku chache baadaye nilikuwa nikitayarisha somo, nikisoma kwa sauti. Lugha ya utenzi ni ya Lamu na Pate, nayo ina maneno ambayo Kiswahili sanifu hakiyasemi hivyo: macho huwa "mato," nchi huwa "nti," njoo huwa "ndoo." Nikakwama katika neno moja, nikalirudia mara mbili, nikaanza kupekua kamusi. Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia na kuumaliza ubeti. Kisha ukaja ubeti wa pili, na wa tatu, kwa mahadhi ambayo sikupata kuyasikia tangu utotoni. Alisoma beti kiasi cha ishirini bila ya kusita, huku akiendelea kukuna nazi.

Nilipomwuliza alijifunza wapi, alikwenda katika sanduku lake, akatoa daftari lililofungwa katika kipande cha leso. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wa nyanyake. Akanipa nisome. Kurani nimeisoma, na herufi nazijua. Lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi zile kina njia zake, na mkono wa mwandishi mmoja si mkono wa mwingine. Nilisoma kwa kigugumizi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mama akanisahihisha neno baada ya neno, kwa upole. Hakutaja lile nililomwambia mgeni, wala mimi sikulitaja. Lakini katika chumba kile alikuwapo mmoja tu aliyejua kusoma, na hakuwa mimi.

Nilimwuliza kama ameyapenda mafunzo ya utenzi juu ya mume. Akacheka. "Yeye mumewe alimwachia radhi," akasema. "Mume wangu wa kwanza aliniachia talaka. Na mafunzo hayo niliyashika yote." Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Nyinyi mwasomesha kazi za mke tu. Huyu mgonjwa hamumuoni?"

Tangu siku hiyo nimeusoma utenzi upya, nikimtafuta mgonjwa. Naomba msomaji aufungue aende nami.

Mtazame anavyoanza. Haanzi na mume. Anaanza kwa kumwita binti yake asogee karibu. Kisha anamwambia kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima, na katika mwaka huo hakupata kumwambia neno jema. Halafu anamtaka aje mbele, aketi, alete wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana habari apendayo kumwambia. Haya yamo katika beti tatu za kwanza, nasi huzipita mbio kana kwamba ni bismillahi ya desturi tu. Lakini yafikirini. Mama na binti wamekaa nyumba moja mwaka mzima. Mmoja yu kitandani, na mwingine bila ya shaka aliingia na kutoka akileta maji na dawa. Na neno halikusemwa. Utenzi unafungua mlango kwa kukiri kuchelewa. Kimya nilichokitaja mwanzoni mwa insha hii kilikuwako mwaka 1858, katika nyumba ya watu wakubwa, wenye elimu na heshima zao. Basi asijione mmoja wenu kuwa ni yeye peke yake.

Tazameni pia jinsi anavyoyaita maneno yake. Mara huyaita hirizi, aifunge binti kwa uzi. Mara huyaita kidani cha lulu na marijani, amvishe shingoni. Sheria haivikwi shingoni. Hirizi hupewa mtu asafiriye, au mtoto ambaye mzazi hawezi kumlinda kwa mikono yake tena. Anayetoa hirizi amekiri kuwa ataondoka. Kila sharti lifuatalo katika utenzi lasemwa na mtu ahesabuye siku zake, na hofu yake ndiyo iliyoyafanya masharti yawe mengi. Mzazi mwenye muda huonya leo neno moja na kesho neno jingine. Asiye na muda husema yote kwa siku moja, nasi tukaona kuwa ni mkali.

Kisha tazameni mpango wa mafunzo yenyewe. La kwanza ni dini, likafuatwa na adabu na ukweli. Anapozitaja radhi ambazo mwanamke azihitaji, huzitaja tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ndiyo ya mume. Mwanafunzi anayeandika katika mtihani kuwa utenzi huu ni juu ya mume peke yake ameruka daraja nne ili afike ya tano. Ni kweli kwamba ya tano ameieleza kwa urefu kuliko nyingine, na kwamba mengine aliyoyasema hapo ni mazito kwa masikio ya leo. Siwaombi wasichana wangu wayakubali. Nawaomba waone kuwa katikati ya mafunzo hayo mtunzi anaiacha sauti ya mwalimu na kuanza kusimulia ndoa yake mwenyewe: furaha na kicheko chake na mumewe, heshima iliyodumu baina yao, na jinsi mume alivyomridhia hata saa ya mauti. Hapo hatoi amri, anakumbuka. Mjane anamwambia binti yake, mimi nilipendwa, nataka nawe upendwe, na njia niliyoijua ni hii. Njia yaweza kuwa imepitwa. Kile kilichomtuma aionyeshe hakijapitwa.

Na sehemu kubwa ya mwisho, ambayo katika madondoo ya vitabu vya skuli mara nyingi huachwa, ni dua. Hapo mama huyu anamgeukia Mungu na kuomba kwa ajili ya watoto wake na jamaa zake, na kuomba aondolewe maradhi yake. Mama yangu huipenda sehemu hiyo kuliko zote, na sasa nafahamu kwa nini. Mtu anayewafundisha wengine namna ya kuishi ameuweka utu uzima mbele ya macho yao. Lakini mtu anayeomba apone ameuonyesha moyo wake jinsi ulivyo. Ukiikata dua, utabakiwa na kitabu cha masharti. Ukiirudisha, kila sharti litabadilika sauti.

Hata hivyo, mhakiki si mshabiki, na utenzi huu una mipaka ambayo haifai kufichwa. Mpaka wa kwanza ni watumwa. Mwana Kupona anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Anasema hivyo bila ya kusita, kama mtu wa tabaka lake na wakati wake. Katika nyumba ile walikuwamo mama wengine na mabinti wengine, walioteka maji na kupika, nao pia walikuwa na habari mioyoni mwao. Wino na karatasi havikuletwa kwa ajili yao. Mpaka wa pili ni Mwana Hashima mwenyewe. Aliitwa akaja, akaketi, na neno lake hata moja hatulipati. Hatujui kama alilia, wala kama alitaka kuuliza swali. Utenzi huu mzuri ni mazungumzo ambayo mmoja tu ndiye asemaye.

Shaaban Robert aliifuata njia hiyo hiyo alipomtungia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati, na mwanawe Hussein Utenzi wa Adili. Mzazi asema, mwana asikiliza. Ni desturi njema, na lugha yetu imetajirika kwayo; lakini ni nusu ya desturi.

Nusu ya pili wengine wameijaribu katika nchi za mbali. Annie Ernaux wa Ufaransa, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2022, alikuwa binti wa mwanamke mwenye duka la vyakula na mkahawa katika mji mdogo wa Yvetot. Mama alifanya kazi kwa bidii ili binti asome. Binti akasoma, akawa mwalimu, na elimu ile ile ikawa ukuta baina yao. Katika uzee mama alipotewa na kumbukumbu, akafariki mwaka 1986. Ndipo binti alipoandika kitabu kifupi cha maisha ya mama yake, kiitwacho Une femme, yaani Mwanamke. Ni kitabu cha kweli, kisicho na mapambo, nami nilipokisoma nilidhani mwandishi wake amepata kukaa Ganjoni. Lakini mwone mpangilio wake ulivyo kinyume cha utenzi wetu. Kwa Mwana Kupona mama asema na binti yu kimya. Kwa Ernaux binti asema, na mama yu kaburini.

Kitabu cha tatu ni cha hapa hapa Mombasa. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliyakusanya maisha ya wanawake watatu wa mji huu, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wakayatoa kwa Kiingereza mwaka 1989, na kwa Kiswahili mwaka 1991 kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Wanawake hawa waliulizwa wakajibu. Husimulia harusi na talaka, ngoma na kazi, mabwana na watumwa. Mishi alikuwa mzao wa watumwa, na kwa kinywa chake twaisikia ile sauti ambayo Mwana Kupona alimwambia binti yake asiikaribie. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini ilipita miaka mingi kabla ya mtu kukaa mkekani na kumwuliza mwanamke kama huyu maisha yalikuwaje. Thamani kubwa ya kitabu hicho, kwangu mimi, ni kwamba ndani yake kuna masikio. Kila jibu ni alama ya swali lililoulizwa kwa subira.

Lakini waulizaji walikuwa watafiti, waliokuja kwa ajili ya elimu. Kwa hiyo, ukiviweka vitabu hivi vitatu mezani, utaona kuwa bado pana nafasi tupu. Mama aliyesema bila ya kujibiwa tunaye. Binti aliyesema baada ya mama kuondoka tunaye. Mgeni aliyeuliza na mwenyeji aliyejibu tunao. Tusichonacho ni kitabu cha mama na mwana walioulizana na kujibizana wangali hai wote wawili. Huenda kitabu hicho ni kigumu kuliko vyote, kwa maana mgeni aweza kumwuliza mama yako, "Ulimpenda mume wa kwanza?" na mama akamjibu, lakini wewe ukiuliza, aibu huwashika nyote wawili.

Nimejaribu. Jioni, baada ya Magharibi, nafunga madaftari na kumwuliza mama neno moja. Mengine hayajibu. Mengine huyajibu kesho yake, ghafula, wakati nimekwisha kuyasahau. Nimejua kuwa nyanyake alilinakili daftari lile kwa ajili ya binti aliyemfia, na kwamba baadaye halikuwa na mwenyewe hata mama alipolichukua. Nimejua kuwa siku alipoachwa alirudi kwao kwa miguu, peke yake, mchana wa jua kali, na kwamba tangu siku hiyo aliweka nia kuwa akizaa binti atampeleka skuli. Miaka thelathini na zaidi nimeishi ndani ya nia hiyo bila ya kuijua. Na mimi nikamwambia mgeni kuwa hakusoma.

Msidhani kuwa sasa twaafikiana. Habari ya mchumba niliyemkataa bado inamkera, na husema wazi kuwa mshahara hautanishika mkono nikizeeka. Mimi nami bado naamini kwamba baadhi ya yale aliyofundishwa yalimdhulumu, na nimemwambia. Tumekwisha kubishana mara kadhaa, kwa sauti hata jirani amefungua mlango. Lakini kubishana ni mazungumzo, na kimya kile kimepungua.

Nanyi wanafunzi, mtakapoulizwa katika mtihani juu ya Utenzi wa Mwana Kupona, jibuni swali kama lilivyo, maana mtihani una haki yake. Semeni wajibu wa mke, semeni vina na mizani. Ila msimwache mgonjwa nje ya majibu yenu. Semeni pia kuwa huyu alikuwa mama aliyechelewa kusema, na aliyeogopa kuwa atakufa kabla ya kusikiwa. Baadaye, mkirudi nyumbani, iwe ni Ganjoni au Likoni, Lamu au Kisumu, mtazameni mtu mzima aliye karibu nanyi. Mwana Hashima alingoja hata akaitwa ndipo akaleta wino na karatasi. Nyinyi msingoje kuitwa. Ulizeni jambo dogo kwanza: jina la aliyemfundisha kupika, mchezo alioupenda, nyumba aliyozaliwa. Andikeni jibu kwa maneno yake, si kwa yenu. Kama lugha yake ina neno msilolijua, ulizeni maana yake, na mkubali kufundishwa.

Insha hii nilimsomea mama kabla ya kuipeleka kwa mhariri. Nilipofika pale nilipomwambia mgeni kuwa mama hakusoma, sauti yangu ilikauka. Nikamwomba radhi, kisha nikamwuliza kama nilifute neno lile. Alifikiri kwa muda, mkono wake ukiwa juu ya daftari la nyanyake.

"Liache," akasema. "Si wewe peke yako usemaye hivyo. Acha walisome."